MREJESHO: Everest Base Camp pamoja na Island Peak

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mtu aliyefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mara moja tu anaweza kuunganisha Everest Base Camp, kambi iliyo chini ya Mlima Everest huko Nepal, na Island Peak, mlima wa jirani (mita 6,189), akiwa na mwongozaji. Asanteni sana. Aliyesisitiza kulala siku mbili Namche na mbili Dingboche, vijiji vya njiani, ili mwili uzoee hewa nyembamba, kaniokoa; base camp nilifika bila hata kuumwa kichwa.

Kileleni Island Peak ndiyo sikufika. Ule ukuta wa mwisho wa barafu, wa kupanda kwa kamba, ulinishinda: mazoezi ya kamba nilifanya nusu saa tu, na vidole vilishakufa ganzi. Mwongozaji akasema tugeuke, nikageuka. Glavu za Kilimanjaro kule hazitoshi, msinibishie.

Siku ya akiba nayo ilisaidia, maana ndege ya Lukla, kijiji chenye uwanja wa ndege ambako safari ya miguu huanzia, iliahirishwa kwa ukungu.