Naomba ushauri: fayawoli ya ofisi inaganda kila mchana

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naangalia mtandao wa ofisi ndogo ya utalii hapa Malindi, Unguja: kompyuta tisa, printa, kamera za ulinzi na Wi-Fi ya wageni. Intaneti inaingia kwa faiba, inapita kwenye fayawoli (kifaa kinacholinda mtandao), halafu swichi.

Fayawoli yenyewe ni kiboksi kisicho na feni, kinaendesha pfSense, programu ya fayawoli. Asubuhi hakina neno. Jua likishapanda kinaganda: taa za kebo zinawaka kama kawaida lakini hakijibu hata ping (jaribio la kuona kama kifaa kiko hewani), mpaka nichomoe umeme. Ukikigusa juu kinaunguza, na adapta yake hivyo hivyo. Wageni wanasubiri tiketi zao za boti na wafanyakazi wamekaa tu. Inaniuma sana.

Nimebadilisha kebo, nimeweka pfSense upya, nimekitoa kabatini na kukiunganisha na UPS (betri ya akiba). Bado. Logi (kumbukumbu za kifaa) zinakatika ghafla bila kuonesha kosa. Kadi zake za mtandao ni Realtek, ambazo kwenye FreeBSD, mfumo ambao pfSense imejengwa juu yake, hazina sifa nzuri kama Intel, lakini mimi naishuku zaidi adapta.

Nitapimaje kujua kama ni adapta, joto au kadi, kabla ya kutumia pesa?

Na ikibidi kununua, kipi kitastahamili joto na hewa hii ya chumvi: kiboksi chenye kadi za Intel nibaki na pfSense, au ruta ndogo ya MikroTik hEX? Fayawoli ya FortiGate naiogopa kwa leseni za kila mwaka, bosi hatokubali.

Ahsanteni sana.