Pete Rose anastahili Ukumbi wa Magwiji? Mwanangu kanibana, naombeni ushauri

Mzee wa Ohio: Habari zenu wakuu. Naishi Cincinnati. Kijana wangu wa miaka 14 anacheza besiboli, na shuleni kapewa insha: Pete Rose, mchezaji wa zamani, aingizwe Ukumbi wa Magwiji wa besiboli kule Cooperstown au la? Yeye anataka aingie. Kaniomba niipitie kabla ya Ijumaa.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, Rose ana mapigo halali 4,256, hakuna aliyemfikia kwenye ligi kuu ya Marekani. Rekodi ya Ty Cobb aliivunja hapahapa mjini, Septemba 11, 1985. Nje ya uwanja kuna sanamu yake ya shaba, kajirusha kifua mbele, mikono imenyooka kutafuta beisi. Kila tukipita, mwanangu husimama pale.

1989 alifungiwa maisha kwa kubetia mechi za timu aliyokuwa akiifundisha, Cincinnati Reds. Alifariki Septemba 2024, na Mei 2025 jina lake likatolewa kwenye orodha ya waliofungiwa. Jopo la Ukumbi, watu 16, linaweza kumpigia kura Desemba 2027, anahitaji kura 12.

Sasa shida yangu. Nikiwa Dar niliweka ada ya mdogo wangu kwenye mkeka, ukachanika kwa timu moja. Mwanangu hajui. Kaandika: "Kubeti hakukumpunguzia pigo hata moja." Nimeisoma mara tatu nikashindwa kuendelea. Nimwambie aibadilishe?

Mama Nuru: Pole sana kaka. Mimi ningemwingiza Rose. Mapigo aliyapiga kwa jasho lake, miaka 24 uwanjani. Insha ni ya mtoto, mwachie.

Kidagaa: Dada, mapigo hayana ubishi. Tatizo ni ukocha. Uchunguzi ulikuta kabetia mechi 52 za Reds msimu wa 1987 pekee. Haijathibitishwa kwamba aliwahi kubeti timu yake ifungwe, lakini siku ambayo hakuweka pesa, wachezesha kamari walijifunza nini? Na mpiga mpira aliyechoka, kocha mwenye deni atampumzisha? Mkuu, hayo muulize kijana, jibu alitafute mwenyewe.

Fundi Saleh: Kinachoniuma mimi ni uongo. Alikana mpaka 2004, miaka 15, huku mashabiki wakigombana kwa ajili yake. Angekiri mapema ningemtetea. Na wewe mkuu, mweleze mwanao habari ya ada. Simu anayo mkononi, na matangazo ya kubeti yanamfikia kabla yako.

Mama Nuru: Hapo kwa Saleh nakubali.

Mzee wa Ohio: Mrejesho, wakuu. Jana usiku nilizima tivii nikamsimulia yote. Maswali ya Kidagaa nayo nikampa. Sentensi ile kaifuta mwenyewe, ila bado anasema Rose aingie, na kosa lake liandikwe kwenye bamba lake la Ukumbini, pamoja na sifa zake. Nimemwacha na msimamo wake. Kisha akaniuliza, "Baba, kwa hiyo shangazi alimaliza shule?"

Leo nampigia mdogo wangu.