Kikundi cha Ukoo: Taa ya Injini ya Rehema

Rehema, saa 2:10 asubuhi
Shikamooni wakubwa. Tangu juzi taa ya injini ya gari langu inawaka na haizimiki. Fundi amelipima kwa mashine, akapata msimbo P0171, na sasa ananiambia ninunue sensa mpya ya oksijeni. Mjomba, naomba ushauri wako kabla sijatoa fedha.

Mjomba Hamisi, saa 2:24
Marahaba, mama. Usinunue kitu kwanza. Msimbo huo hausemi kwamba sensa imekufa. Unasema kwamba, katika upande wa kwanza wa injini, hewa imezidi na petroli imepungua. Sensa hiyo, inayopima oksijeni katika moshi wa gari, ndiyo iliyoleta taarifa, na mjumbe hauawi. Je, taa inawaka tuli au inapepesa?

Rehema, saa 2:31
Inawaka tuli. Gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma, hutetemeka kidogo, lakini nikishika mwendo linatulia.

Mjomba Hamisi, saa 2:45
Afadhali. Ingekuwa inapepesa ningekuambia uliegeshe, kwa sababu hapo petroli isiyoungua hufika kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiunguza. Huko kutetemeka wakati gari limesimama kunanifanya nishuku kwamba kuna hewa inayopenya mahali baada ya kuipita sensa inayopima hewa, kwa hiyo kompyuta haina habari nayo. Injini inapozunguka polepole huvuta hewa kidogo tu, na ile ya wizi huwa sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga mafuta, humezwa na hewa nyingi iliyopimwa. Mwambie fundi asome asilimia ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza, gari likiwa limesimama, kisha aisome tena kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikishuka sana, atafute mpira uliopasuka. Ikipanda, aanze na pampu ya petroli, chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Mama Rehema, saa 2:52
Kaka, kwa nini wasiufute tu huo msimbo, tuone kama utarudi?

Mjomba Hamisi, saa 3:05
Ukiufuta mapema, dada, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipojitokeza: joto, mwendo, mizunguko. Fundi aipige picha kwanza.

Juma, saa 3:20
Mimi ni shahidi. Gari langu lilipoleta P0302, yaani silinda ya pili haichomi sawasawa, nilikimbilia kununua nozeli ya kupulizia petroli. Mjomba ndiye aliyenilazimisha nihamishe koili, ile inayotoa umeme wa plagi, kutoka silinda ya pili hadi ya tatu, nifute msimbo, kisha niendeshe. Ukarudi ukiwa P0303, tukajua kwamba koili ndiyo mbovu. Nozeli bado imo ndani ya boksi lake.

Rehema, saa 9:40 alasiri
Mjomba, vipimo vimetoka: asilimia 22 juu gari likiwa limesimama, na 6 tu kwenye mizunguko 2,500. Fundi hakufurahi kurudia kazi, lakini alipopuliza moshi kwenye njia ya hewa, ulitokea nyuma ya injini, kwenye mpira unaorudisha mvuke wa oili katika manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Umepasuka upande wa chini, ambako jicho halifiki. Ameuweka mpya, akafuta msimbo, na sasa kipimo ni 3.

Mjomba Hamisi, saa 9:58
Safi. Liendeshe siku chache kwa mwendo wako wa kawaida, kisha asome tena, kwa kuwa kompyuta huchukua muda kujirekebisha na kurudia majaribio yake. Mipira mingine ina umri uleule, je, ameikagua?

Rehema, saa 10:03
Ameikagua. Ule wa breki umeanza kukakamaa, kwa hiyo kesho asubuhi tunaubadilisha.

Juma, saa 10:06
Kama kuna mtu anayehitaji nozeli, yangu haijawahi kufungwa popote.