Rekodi gani ya golikipa wa hoki ya barafu haitavunjwa kabisa?

Kipa_wa_Sinza:
Wakuu habari za usiku. Najua humu wengi ni Simba na Yanga lakini hawakosekani wachache wanaokesha na NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, kama mimi, maana mechi ikianza saa moja jioni New York wakati wa baridi yao, huku Dar ni saa tisa usiku na asubuhi una daladala ya kugombania. Mi naangalia makipa tu. Nimedaka mpira mtaani tangu shule ya msingi kwahiyo macho yanaenda golini yenyewe, na kipa wa hoki anapigiwa paki, kile kisahani cha raba ngumu, kinakuja kwa spidi inayoweza kupita kilomita 160 kwa saa na mbele yake wamesimama watu wanamziba asione.

Sa swali langu, rekodi ipi ya kipa haitavunjwa kabisa? Kijiweni nilimtaja Martin Brodeur, ushindi 691 na mechi 125 bila kuruhusu goli, karibu zote akiwa New Jersey Devils. Jamaa mmoja akasema hata zile 103 za Terry Sawchuk watu waliamini hazifikiki, zikakaa karibu miaka 40 mpaka Brodeur huyo huyo akazipita 2009. Nileteeni zenu na SABABU, namba tupu sitaki.

Mkongwe_Ilala:
Kijana, andika Glenn Hall. Mechi 502 za ligi mfululizo. Alianza msimu wa 1955 akiwa Detroit, akahamia Chicago, hakukosa hata moja wala kutolewa katikati mpaka Novemba 1962 mgongo ulipogoma. Na uso wazi muda wote huo! Presha ilikuwa inamshika mpaka anatapika kabla ya mechi, hiyo ilikuwa kawaida yake, akimaliza anajifuta anaingia kudaka.

Sababu unayoitaka ni hii. Enzi zile ligi ina timu 6, mechi 70 kwa msimu, na timu inatembea na kipa mmoja. Leo mechi ni zaidi ya 80, safari za ndege usiku kwa usiku, kila kocha ana makipa wawili anawagawia mechi. Hata apatikane kijana mwenye mwili wa chuma, kocha wake hatamwachia. Za Brodeur anaweza kuja kipa hatari sana akazisogelea, ila za Hall mpaka ligi yenyewe irudi ilivyokuwa, na hairudi.

Fundi_Buguruni:
Mzee kagusa penyewe, hiyo ishu ya kipa mmoja ndo imezaa kinyago wanachovaa makipa wote leo. Tarehe 1 Novemba 1959, Montreal wako ugenini New York, Andy Bathgate akaachia mchomo ukatua usoni kwa Jacques Plante. Damu zikamwagika kwenye barafu, akaingizwa ndani akashonwa nyuzi. Plante alikuwa na kinyago anachovaa mazoezini ila kocha Toe Blake alikuwa hakitaki kwenye mechi, aliona kitampunguzia kipa kuona na kumfanya azembee. Sa jamaa kashonwa, anamwambia kocha bila kinyago sirudi. Kocha anageuka huku na huku, kipa mwingine hana!! Akakubali, Plante akarudi na kinyago chake na Montreal wakashinda 3-1, na msimu huo huo wakabeba Kombe la Stanley, ndo ubingwa wenyewe wa NHL, mara ya tano mfululizo. Kuna watu walimwona mwoga wakati ule, mi naona ndo shujaa kuliko wote maana kila kipa aliyestaafu na macho yake mawili baada ya hapo ana deni kwake. Sio rekodi ya namba lakini wa kwanza NHL kukivaa mechi kwa mechi ni wa kwanza, hiyo haivunjwi.

Bint_Kigamboni:
Mbona mnamsahau Grant Fuhr jamani. Msimu wa 1995-96 akiwa St. Louis Blues alicheza mechi 79 kati ya 82, na alikuwa ameshafika miaka 33, tayari ana Vikombe vya Stanley vitano alivyobeba na Edmonton Oilers kabatini. Siku hizi kipa akifika mechi 65 kwa msimu tunashangaa. Timu zina wataalamu wanahesabu uchovu wa kipa mpaka usingizi, nani atamwacha mtu acheze 79? Halafu mwisho wake uliniuma sana, kaingia mtoano, mchezaji wa Toronto akamwangukia, goti likaenda na msimu ukaishia hapo. Huyu ndo kipa wa kwanza mweusi kuingia kwenye jumba la magwiji wa hoki, 2003. Mdogo wangu wa kiume nilimwonyesha video zake akaniuliza kumbe na sisi tupo huko, nikamwambia tupo, tena langoni.

Mtaa_wa_Kongo:
Mi naongeza David Ayres. Februari 2020 makipa wote wawili wa Carolina waliumia mechi moja huko Toronto, akaitwa yeye kipa wa dharura, miaka 42, figo kapewa na mama yake, alishawahi kuendesha lile gari la kusawazisha barafu. Michomo miwili ya kwanza yote goli. Akatulia, akaokoa nane, wakashinda 6-3.

Kipa_wa_Sinza:
Shikamoo Mkongwe, 502 naipa namba moja. Dada wa Kigamboni hoja yako ya uchovu inamlinda na Brodeur pia, maana yule alicheza mechi 70 au zaidi kwa misimu 10 mfululizo, ndo alipochuma nyingi kati ya zile 691. Ona Marc-André Fleury, kadumu misimu 21, kastaafu 2025 na ushindi 575, wa pili kwenye historia, na bado kaachwa kwa 116. Jamaa wa kijiweni kesho anasomewa hii.

Mkongwe_Ilala:
Marahaba. Msomee, ila ya Hall uanze nayo.