Gari la Mama limechemsha Kilombero: mazungumzo ya kikundi cha familia

Upendo: Shikamooni wote. Gari la Mama limechemsha mchana huu karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, na sasa liko gereji. Kutoka Moshi hadi Tengeru mshale wa joto ulitulia katikati, lakini tulipoingia mjini na kukwama kwenye foleni ulipanda hadi karibu na alama nyekundu, nikaegesha pembeni na kuzima injini. Fundi ameona maji yanatokota kwenye chupa ya akiba, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, imeungua. Anataka shilingi 650,000, nusu yake leo, ili afungue hedi kesho asubuhi.

Shangazi Anna: Marahaba, mwanangu, poleni sana. Tafadhali mtu yeyote asifungue mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa kabisa. Kovu la mvuke ninalo mkononi hadi leo.

Baba Mdogo: Marahaba, Upendo. Ulifanya vyema kuzima. Fedha usitoe kwanza. Fundi alipima nini kabla ya kuitaja gasketi?

Upendo: Hakupima chochote, Baba Mdogo. Aliitazama chupa tu. Nina wasiwasi kwa sababu Mama ana kliniki Jumatatu.

Baba Mdogo: Chupa peke yake haitoshi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta ndio unaoyazuia yasichemke mapema. Kwa hiyo injini ikishapata joto kupita kiasi, au mfuniko ukiwa umelegea, maji yanaweza kutokota kwenye chupa hata kama gasketi ni nzima. Nilipokuwa naendesha lori niliwaona wenzangu wakichemsha kwenye mlima wa Sekenke, na wapo waliofunguliwa hedi bila sababu. Kilichonigusa zaidi ni maneno yako mwenyewe, kwamba barabara kuu mshale ulitulia na kwenye foleni ukapanda. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo huipoza rejeta. Likisimama, linaitegemea feni. Je, feni ilikuwa inazunguka?

Upendo: Sikuangalia, na fundi naye hakuitaja.

Kaka Elia: Shikamoo Baba Mdogo. Niko Sakina, nakwenda huko sasa hivi. Niangalie nini?

Baba Mdogo: Marahaba. Subiri injini ipoe, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili ukipanguse kwa karatasi nyeupe, maana oili iliyoingiwa na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo jaza maji, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na utazame mdomo wa rejeta: hewa iliyobaki ndani hutoka kidogo ikaisha, lakini viputo vikiendelea bila kukoma, gesi ya silinda inapenya na fundi atakuwa amesema kweli. Mwisho washa kiyoyozi, kwa sababu kwenye gari hilo feni hupaswa kuanza kuzunguka. Usipeleke mkono karibu na mapanga yake.

Kaka Elia: Nimemaliza. Karatasi imebaki na doa la kahawia safi, viputo vilikoma baada ya dakika chache, na kwenye ekzosi hakuna moshi mweupe wa maji kuingia silinda. Kiyoyozi kiliwaka lakini feni haikutikisika. Fundi mwenyewe aliiunganisha moja kwa moja na betri, ikabaki kimya. Alipoigonga mota kwa mpini wa bisibisi ikazunguka kidogo, kisha ikasimama. Amekubali kwamba kaboni za mota, vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, zimekwisha, na ameacha habari ya hedi.

Shangazi Anna: Mungu ni mwema. Naomba mfuniko nao ubadilishwe.

Baba Mdogo: Naam, abadilishe mota na mfuniko, atie kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji matupu, kisha aliache gari lingurume limesimama hadi feni iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili mbele ya macho yenu. Joto la leo lingeweza kuidhuru gasketi, kwa hiyo bado tutaifuatilia.

Upendo: Asante sana, Baba Mdogo. Nitaweka alama ya kalamu kwenye chupa usiku huu, na kesho asubuhi kabla ya kuwasha nitatuma picha hapa tuone kama maji yamepungua.