Msaada: memcpy inanivurugia vipimo kwenye mizani ya karafuu

kijana_wete: Asalaam alaykum wanajamvi, mie mwanafunzi niko Pemba, nnamtengenezea babu yangu mizani ya karafuu kwa maikrokontrola (kikompyuta cha chipu moja), programu nimeandika kwa C. Naweka vipimo kumi vya mwisho kwenye arei a (safu ya namba) natafuta wastani maana namba inachezacheza. Kikija kipya nasogeza vya zamani nafasi moja kwa amri ya kukopi memori, memcpy(a+1, a, 9*sizeof(int)), yaani namba tisa mara ukubwa wa kila moja kwa baiti, halafu kipya nakiweka a[0]. Kwenye laptopu iko sawa kabisa, nikiitia kwenye bodi vile tisa vya nyuma vyote vinakuwa namba moja!! Siku ya tatu leo na msimu wa kuchuma ushaanza, nisaidieni tafadhalini.

fundi_mkoani: Waalaykum salaam. Hapo unakopi memori juu yake yenyewe, unapotoa na unapopeleka pamepandana, na memcpy haikukuahidi kitu ikiwa hivyo, kwa hiyo laptopu inaweza kukupa sawa na bodi ikaharibu na hakuna yenye kosa. Chukulia umeanika karafuu majamvi kumi, unataka za kila jamvi zihamie linalofuata. Ukianza na la kwanza ukazimwaga la pili kabla hujalikusanya, ushaharibu. Unaanza la mwisho. Amri nyengine ya kukopi, memmove, ndio inavyofanya, inaangalia kwanza ianzie upande gani. Badilisha jina tu mengine yaache.

binti_chake: Naongeza hapo, memmove isikufanye ukaona ushasalimika, haijui arei yako ina nafasi ngapi. Ukiandika 10 badala ya 9 kinamwagika nje kinaandikwa juu ya kitu chengine na wala hujui. Na ukiipeleka arei ndani ya fankisheni usipige sizeof(a) humo, utapata saizi ya pointa (anwani ya arei kwenye memori, si arei yenyewe), laptopu ya biti 64 inakwambia 8, bodi ya biti 32 inakwambia 4. Mie hili lilinitesa wiki nzima, idadi ipeleke pembeni. Urefu wa kukopi si wa kuuamini tu, Heartbleed, lile tundu la usalama la 2014 ndani ya OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao), ilikuwa memcpy iliyokubali urefu aliotaja mtu wa nje bila kuuhakiki, mpaka kilobaiti 64 za memori ya seva zikivuja kwa ombi moja.

mkongwe_unguja: Yakhe kwani lazima usogeze? Viache vilipo, weka namba ya nafasi inayozunguka, i = (i+1) % 10, kipya kinakaa juu ya kile cha zamani kuliko vyote. Wastani haujali nani katangulia. Na kwenye laptopu kompaili na -fsanitize=address (inakagua memori programu ikiendeshwa), kumwagika na kupandana mara nyingi inakuonesha mpaka mstari.

kijana_wete: Nimeweka memmove namba imetulia, babu kafurahi kweli. Na ile sizeof nilikuwa nshaiandika hivyohivyo ndani ya fankisheni, nimeitoa. Kesho nafanya ya kuzunguka. Ila arei ikiwa haijajaa, nagawa kwa 10 au kwa vilivyoingia?

mkongwe_unguja: Kwa vilivyoingia. Weka kihesabu, kikifika 10 kisipande tena.