Naombeni ushauri: usaili unaweza kupima huruma ya daktari mtarajiwa?

Habari zenu wakuu. Nafundisha wanafunzi wa udaktari wodini. Huku Tanzania wengi wanaingia kwa alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Juzi kijana mmoja, kichwa kweli kweli, kamfunua mama wa watu shuka mbele ya wenzake bila hata shikamoo, akaanza kubonyeza tumbo. Alichosema kuhusu ini kilikuwa sahihi kabisa!

Sasa nimeombwa maoni kuhusu kuongeza usaili. Waingereza wana UCAT, mtihani wa kuchagua majibu kwa wanaoomba kusomea udaktari, ambao sehemu yake moja inapima maamuzi kazini na matokeo hutolewa kwa bendi, 1 hadi 4. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha McMaster kilianzisha usaili wa vituo vifupi vifupi, kila kituo na msaili wake. Huo mtihani wa kuchagua majibu siuamini sana. Vijana wetu kwa kukariri hawajambo, na tuisheni zake zitaota kesho yake. Vituo navipenda, ila vinakula watu na muda.

Mliowahi kusaili au kusailiwa hivyo, mliona tofauti wodini baadaye? Na mtoto mwenye aibu mnampimaje asionekane hana utu?